Hema Moja na Mama Mkwe

Lile hema lilikuwa rangi ya chungwa lililoiva, na naona nianze nalo, kwa sababu bila hema hilo tusingekwenda popote. Aliliacha mgeni mmoja Mjerumani katika hoteli ya Malindi nilikokuwa nikifanya kazi ya bustani. Alikuja na pikipiki, akaondoka na ndege, na vitu ambavyo ndege ilivikataa akavigawa kwa wafanyakazi. Mpishi alipata buti. Mwenzangu wa bustani alipata ile kofia ngumu ya pikipiki, akawa anaivaa akienda kufagia chini ya minazi. Tulimcheka, lakini nikifikiri sasa aliona mbali, maana nazi ikikuangukia haina mswalie mtume. Mimi nikapata hema, limekunjwa ndani ya mfuko mdogo kama mto wa mtoto.

Jioni ile ile nililisimamisha uani kwangu, Ganda. Watoto walipiga makelele mpaka majirani wakaja kuchungulia juu ya ua wa makuti. Hebu fikiria, mtu anatoa nyumba mfukoni. Niliingia, nikatoka, nikaingia tena. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto watano, lakini siku ile hakuna mtoto aliyenishinda kwa furaha. Mke wangu aliniambia nitoke nile, chakula kinapoa, nikamwambia alete humo humo ndani.

Sasa mama mkwe wangu. Alikuwa akikaa kwa mwanawe wa kiume, jirani na sisi, naye alikuja kuona kelele ni za nini. Akasimama kule kwenye mgomba, mbali, kama ilivyo. Nikisema kama ilivyo, wa kwetu amenielewa, lakini wengine lazima niwaeleze. Kwetu sisi mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hukai kwenye kitanda chake. Huli naye sahani moja. Hupiti mbele yake huna shati. Kulala naye chini ya paa moja, hilo hata halisemwi. Ukiwa na neno naye, unampa mkeo alifikishe. Mkeo akiwa hayupo, unakiambia kitu chochote kilicho karibu, kuku, mti, sufuria, na yeye anasikia, kisha anakijibu kitu kile kile. Watu wa bara wakisikia hucheka. Wacheke tu. Mimi na mama mkwe wangu hatukugombana hata siku moja mpaka tulipomzika, na wangapi wanaokaa na wakwe zao meza moja wanaweza kusema hivyo?

Basi alisimama pale kwenye mgomba, akaliangalia hema muda mrefu. Kwanza akasema nyumba ya nguo ni ya maiti, na yeye hajafa bado. Watoto wakacheka. Halafu akasema, na alikuwa akiliambia hema:

"Wewe nyumba ya nguo, unaweza kusimama nyikani, ng'ambo ya Sabaki, usiku mmoja?"

Mke wangu aligeuka akanitazama. Alijua mama yake anataka nini. Mimi pia nilijua, maana katika ukoo ule hakuna asiyeijua habari ya lile jiwe.

Mama mkwe alizaliwa kaskazini ya mto, ndani kabisa, kule ambako minazi imekwisha na nyasi zinaanza. Alipokuwa mtoto mdogo serikali ya Wazungu iliamua watu wetu wahame upande ule, wavuke waje kusini. Asiyetaka alichomewa nyumba. Mama yake alimfunga yeye mgongoni, akajitwika mahindi ya mbegu, na mkononi akachukua kile kijiwe cha juu cha kusagia. Jiwe lenyewe, lile kubwa la chini linalolala mlangoni, halibebeki. Alilipigapiga mgongo kama mtu anayemuaga ng'ombe wake, akasema atalirudia. Baadaye watu waliruhusiwa kurudi ng'ambo, lakini pale kwao hapakurudiwa, kwa kuwa serikali ilikuwa imejenga boma la mawe na kuweka askari, ndio ulikuwa mpaka wa utawala wao, na mbele yake ni nyika tupu. Yule mama alikufa hajalirudia jiwe. Kijiwe kikabaki kwa binti yake. Wanawake wote wa Ganda walikuwa wameshahamia kwenye kinu cha posho, kile cha mashine, na yeye mwenyewe pia, lakini kijiwe kile kilikaa chini ya kitanda chake, kimefungwa ndani ya leso.

Alichotaka ni kitu kimoja tu: alione lile jiwe kubwa kabla magoti hayajamkataa, asage juu yake japo konzi moja ya mahindi. Na njia haikuwapo. Boma lilikuwa limeshakuwa mahali pa kuhifadhiwa, magofu ya kutazamwa na wageni. Gari la kwenda na kurudi siku moja halipo. Na wanaoruhusiwa kulala pale ni wenye hema. Hilo la mwisho nililisikia hotelini, wageni wakipanga safari zao, na ndilo nililokuwa nimelisema nyumbani bila kufikiri.

Sikungoja kuambiwa mara mbili. Niliomba siku mbili kwa msimamizi wangu, nikamwambia nakwenda kupiga kambi, akaniuliza kama naumwa.

Alikuwapo mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa akipanda nyikani na pikapu kwenda kununua, analala huko na kushuka kesho yake asubuhi. Akakubali kutuchukua. Mke wangu na mama yake wakakaa mbele na dereva, mimi nyuma, na hema, na sufuria, na unga, na dagaa, na kamba za kufungia mbuzi. Nilikuwa nimelikumbatia lile hema njia nzima. Upepo unanipiga, vumbi limenijaa mpaka kwenye nyusi, na mimi naimba. Nimesafiri mara nyingi baada ya hapo, hata Nairobi nimefika, lakini safari iliyonipendeza kama ile sijaiona. Tulipofika darajani, Sabaki ilikuwa imejaa, maji rangi ya chai ya maziwa. Kupitia kioo cha nyuma nilimwona mama mkwe amejifunika leso uso mzima. Alijifunua tulipokwisha kuvuka.

Mlinzi wa boma alikuwa kijana wa bara, hajamaliza hata mwaka pwani. Alitutazama, akatazama sufuria.

"Mmekuja kufyeka?"

"Tumekuja kulala," nikamwambia.

"Kulala wapi?"

Nikamwonyesha mfuko wa hema. Akasema tangu aanze kazi hajaona Mwafrika akija kulala hapa kwa hiari yake. Lakini alikuwa mtu mwema. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, ile ya watu wa bara inayotoka kama kikohozi, akatuonyesha mahali pa kambi, na akatuambia masharti: tusichimbe, tusiondoe kitu, tusipande kwenye kuta.

Pahali penyewe pazuri, nisidanganye. Nyasi mpaka macho yanachoka. Swala wanatembea kama mbuzi wa mtu. Kuta za boma nyingi zimeanguka, zimebaki kimo cha kifua, ila mlango mkubwa bado umesimama na tao lake la mawe juu, na kando yake kibao chenye maandishi. Mimi shule niliachia darasa la tatu, nikakisoma polepole. Kilisema nani alijenga na askari walikuwa wa kabila gani. Kabla ya hapo, kwa kibao kile, hapakuwa na mtu.

Nikasimamisha hema kwa mbwembwe. Mlinzi anatazama, mke wangu ananishikia kamba, mama mkwe amekaa kivulini mwa ukuta na leso yake mapajani. Nilipomaliza nikarudi nyuma kidogo nilitazame. Hapo ndipo nilipotuhesabu.

Mke wangu aliona uso wangu. Akatazama hema, akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Akaanza kucheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi.

"Baba watoto, umetujengea chumba kimoja."

Wallahi sikuwa nimelifikiria. Nililala ndani ya hema lile uani kwangu, nikapanga unga, nikapanga chumvi, hata kiberiti nilikifunga kwenye nailoni kisilowe, lakini kwamba tunakwenda watu watatu, na mmoja wao ni mama mkwe, na nyumba ina mlango mmoja na paa moja, hilo lilinipita kabisa. Mlinzi akauliza kuna shida gani.

"Mzee, hii tenti inatosha watu wanne."

"Nafasi ipo," mke wangu akamjibu, anajifuta machozi. "Haimtoshi yeye tu."

Mama mkwe hakucheka. Alilitazama sufuria, akaliambia kwamba kama kuna mtu atapigwa na umande kwa ajili yake, Mungu amlipe. Nikaliambia sufuria umande ni baridi nzuri tu, tena mimi napenda nje. Na nilikuwa nasema kweli.

Jua lilipopoa tukaanza kutafuta. Yeye alikuwa na alama yake. Upande wa machweo viko vilima viwili, vimekaa kama mafiga yaliyopungukiwa moja. Mama yake alimwambia kwamba ukikaa mlangoni kwao, kile kidogo kinajificha nusu nyuma ya kile kikubwa. Basi akawa anatembea na fimbo, anatazama vilima. Akienda kushoto kilima kidogo kinatoka chote, akienda kulia kinapotea. Binti yake anamfuata, mimi nawafuata kwa mbali, mlinzi nyuma yangu. Alikwenda, alikwenda, mpaka kilima kikawa nusu. Akasimama. Alikuwa mbele ya boma lenyewe, karibu na mlango. Walikuwa wamejenga juu ya kwao.

Alimwambia binti yake atafute.

Tulitafuta mpaka jua linagusa nyasi. Kila jiwe bapa tuliligeuza kwa macho, maana kuligeuza kwa mikono tumekatazwa. Lenyewe, alivyolieleza, lina tumbo, limechimbika kama mtumbwi, na tumbo lenyewe limeegemea upande mmoja. Mama yake alivunjika mkono wa kushoto alipokuwa msichana, haukupona sawasawa, kwa hiyo akisaga uzito wote ulikwenda kulia. Tulipata vigae. Tulipata risasi ya zamani yenye kutu, mlinzi akaichukua. Mawe yalikuwa tele, lakini yote ya kuchongwa, ya ukuta.

Mwisho mama mkwe akakaa. Alisema labda walilivunja wakajengea. Alisema kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya samaki, lakini ugali wake usiku ule hakuugusa, na gari letu lilikuwa linakuja asubuhi.

Usiku sina la kusema sana. Mlinzi alinikaribisha kibandani kwake, nikakataa, nikalala kando ya moto nimejifunika gunia na nyota zote juu yangu. Fisi walilia. Niliogopa kidogo, nikafurahi sana, nikalala.

Alfajiri ikaja mvua. Si manyunyu, mvua ile ya nyikani inayokuja inakimbia, unaiona inavyoinamisha nyasi. Wanawake walikuwa ndani ya hema, wamejifungia. Mlinzi alikuwa amekwenda kuchota maji na baiskeli, kibanda amekifunga, nikafikiria atakavyorudi amechota mara mbili. Mimi nikakimbilia pahali pekee palipo na kitu juu, chini ya lile tao la mlango. Nikajibana ukutani. Maji yanateremka kutoka kwenye tao, yanapiga kizingiti, yanarusha matope kwenye miguu yangu. Nikayatazama matope, maana sina kingine cha kutazama.

Kizingiti kilikuwa jiwe moja refu, na juu yake udongo ulioshindiliwa na miguu ya askari na ya wageni miaka yote ile, mgumu kama saruji. Sasa ulikuwa unalegea. Ukabanduka kipande, kama ukoko wa ugali unavyobanduka sufuriani ukitiwa maji. Ukabanduka kipande kingine. Maji yakaingia mahali palipobanduka, yakatulia. Yakatulia kwa umbo.

Nikachutama. Nikatia mkono. Kwanza nikatoa udongo kwa vidole, halafu kwa kiganja. Ndani palikuwa laini kama sahani. Lilikuwa na tumbo. Nikapapasa kushoto, nikapapasa kulia. Kulia mkono wangu ulizama zaidi. 

Mnaona mambo? Ningelala hemani kama kijana yule alivyotaka, ningekuwa nimejikunyata ndani mkavu, na mvua ingekwisha, na udongo ungekauka palepale.

Nikakimbilia hemani. Nikamwita mke wangu, lakini mvua juu ya nguo ile inapiga kama ngoma, hanisikii, au amelala. Na siwezi kufungua. Najua mama mkwe yumo, sijui amejifunga vipi. Nikabaki nazunguka hema kama kuku anayetaka kutaga. Sufuria lilikuwa nje limejaa maji. Nikalichukua, nikalisimamisha mbele ya mlango, nikachutama, nikaliambia kwa sauti yote niliyopewa na Mungu:

"Sufuria, mwambie mama nimeona jiwe lenye tumbo. Liko kizingitini."

Mvua tu. Halafu sauti yake, karibu sana, nyuma ya nguo:

"Sufuria, mwulize upande upi limechimbika zaidi."

"Kulia."

Hema liliyumba. Vigingi viwili vikang'oka. Alitoka mama mkwe wangu bila fimbo, bila viatu, leso yenye kijiwe kifuani kama mtoto mchanga, akanipita kwa upana wa kiganja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu nimwoe binti yake. Mimi nikageuza uso kwenye nyasi. Nikasikia binti yake nyuma akisema mama utaanguka, na yeye anazidi kwenda.

Nilipofika mlangoni alikuwa ameshainama. Alipeleka mkono ndani ya jiwe, akautoa, akaupeleka tena. Kisha akafungua leso. Kijiwe chake kilikuwa kimelika upande mmoja, kimekaa kama mkate ulioanguka. Pembeni mwa leso alikuwa amefunga fundo la mahindi makavu. Akapiga magoti. Mtu akisaga kwenye jiwe la chini lazima ainame, na mwanamke kuinama hivyo mbele ya mkwewe ni vigumu. Akaniambia, na hakuliambia sufuria wala ukuta, aliniambia mimi:

"Mkwe wangu, geuka."

Nikageuka. Nikasimama nimelielekea lile jangwa la nyasi na mvua ikiniingia shingoni. Kwa hiyo ukiniuliza kijiwe kilivyokaa ndani ya jiwe lake, sikuona. Mke wangu ndiye aliyeona, aliniambia kilikaa kama ulimi kinywani. Mimi nilisikia. Kwanza kokoto, krr, krr, za udongo uliobaki. Halafu mahindi yakivunjika. Halafu likaja lile lenyewe, vuta na sukuma, vuta na sukuma, pigo moja zito na moja jepesi, kama mtu anayechechemea. Mama mkwe mikono yake ilikuwa mizima yote miwili. Lakini tumbo la jiwe lile lilikuwa limeshafundishwa, na yeyote anayesagia juu yake litamwendesha hivyo. Binti yake alikuwa analia na kucheka, siwezi kusema kipi zaidi. Mimi pia uso wangu ulikuwa umelowa, na mvua ilikuwapo ya kusingizia.

Mvua ilipokatika mlinzi akarudi anasukuma baiskeli. Akakuta bibi kizee amepiga magoti kwenye kizingiti cha serikali anasaga unga. Akaanza kusema mama, hapo haparuhusiwi. Mama mkwe akamwambia bila kuinua kichwa kwamba hachimbi, haondoi, wala hapandi ukutani. Kijana akatafuta kosa lingine akalikosa. Akauliza kama tunahitaji moto, kwake kuna kuni kavu.

Uji ukapikwa kibandani kwa mlinzi. Ulikuwa kidogo, konzi ile moja na maji, bila sukari mpaka kijana alipotoa yake. Sote tukakaa kwa mpango wa heshima: wanawake upande wa ndani, mimi nje mgongo nimewapa, mlinzi katikati hajui atazame wapi. Mke wangu akaniletea kikombe. Nikanywa mara ya kwanza, meno yakagonga mchanga. Mchanga kweli kweli, wa boma, wa jiwe, wa miguu ya askari, sijui. Nilikuwa naukusanya kwa ulimi niuteme pembeni, na kule barabarani pikapu ya mbuzi imeshaanza kupiga honi, nikasikia mama mkwe nyuma yangu anazungumza na sufuria, na sauti yake ilikuwa ya msichana:

"Sufuria, mwambie mkwe wangu asiteme. Hilo ndilo jiwe la mama."

Nikatafuna, nikameza.